Kisamvu cha Pwani, Sombe ya Ziwani

Kama uko jikoni usiache kazi yako, maana mazungumzo ya leo ni ya huko huko jikoni.

Nilipohamia Kigoma kikazi, miaka mingi sasa, nilipanga chumba Ujiji kwa mama mmoja mjane, mtu wa asili ya Umanyema, ng'ambo ya ziwa, kwa baba na kwa mama. Mimi mzaliwa wa Muheza, nimelelewa na bibi, na kwa bibi mboga ilikuwa kisamvu. Zilikuwepo nyingine, lakini kisamvu hakikukosekana wiki hata moja. Jumamosi ya kwanza yule mama akanigongea mlango: "Mwanangu, leo usiwashe jiko. Kuna sombe." Nikasema ahsante mama, bila kuuliza sombe ni nini, maana mgeni haulizi jina la chakula kabla hajakionja.

Adhuhuri akafunua sufuria. Majani yalikuwa yametwangwa hadi yakalainika kama uji mzito, kijani kimekolea hata kinakaribia weusi, na juu yake mawese mekundu yametanda na kutengana vijiduara vijiduara. Vichwa vya dagaa vilichungulia hapa na pale. Harufu ikanipeleka Muheza moja kwa moja. Nikasema kwa furaha, "Kumbe kisamvu, mama!"

Akatua upawa, akaniangalia kwa upole, akasema: "Kisamvu ni chenu, cha nazi. Hii ni sombe."

Siku ile nilidhani ananibishia tu. Jani ni la muhogo, Muheza na Ujiji, kwa hiyo nikaona tofauti ni ya jina peke yake. Leo nakiri mbele yenu kwamba mama yule alikuwa na haki, na ningependa tuifuate haki hiyo mpaka tujue ilikotoka.

Tuanze na mmea wenyewe. Muhogo si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16, wakaufikisha kwanza upande wa magharibi, kwenye mdomo wa mto Kongo. Kutoka huko ukaingia bara taratibu, shamba kwa shamba. Upande wetu wa mashariki ulikuja baadaye, kwa njia ya bahari na visiwa, na katika karne ya 18 ukazidi kuenea pwani. Kwa hiyo muhogo uliingia Afrika kwa milango miwili, na njia zake zikaja kukutana katikati, kwenye nchi za maziwa makuu. Jikoni kwa mama yule wa Ujiji nilikuwa nimesimama panapokutana njia hizo bila kujua.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi huliona la ajabu. Mzizi wa mmea huu, kwa Kiswahili, una jina moja karibu kila mahali. Mtu wa Unguja atakuambia muhogo, wa Mombasa atakuambia muhogo, na ukifika Bukavu au Lubumbashi ukasema muhogo, utaelewa na utaeleweka. Tena Warundi na Wanyarwanda, majirani wa karibu kabisa wa Bukavu, wanapozungumza lugha zao wenyewe huuita imyumbati. Neno muhogo huko Bukavu liliingia likiwa limebebwa na Kiswahili.

Lakini panda juu ya mti huo huo, uchume jani, na umoja wote unakwisha. Pwani ni kisamvu. Goma, Bukavu, Kalemie na Lubumbashi ni sombe. Jina limebadilika, mmea ni ule ule, lugha ni ile ile.

Maelezo yangu ni haya, na nayasema kwa sababu nimeyafikiria muda mrefu. Mzizi ni chakula cha safari. Unamenywa, unakatwa, unaanikwa, unakuwa makopa; makopa yanafungwa kwenye mzigo, na mpagazi anatembea nayo kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, na ng'ambo ya ziwa hadi Kasongo. Kinachobebwa mgongoni hubebwa na mdomoni pia. Jani halina safari. Ukilichuma asubuhi, jioni limenyauka. Kila kijiji kilikuwa na majani yake nyuma ya nyumba, na wanawake waliokuwa wameshayapa jina kabla msafara haujafika. Mgeni akalikuta jina hilo kwenye sufuria, akalichukua pamoja na tonge.

Ni lazima tuseme pia kwamba Kiswahili hakikufika Umanyema kwa heri tupu. Kilikwenda na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Pale Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, palikuwa na soko kubwa, na wengi waliouza na kununua walikuwa wanawake. Msafiri David Livingstone alikuwepo, akaeleza jinsi walivyokuja na vikapu vyao, wakisemezana bei. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara wakafyatua risasi katikati ya soko lile, na mamia ya watu wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Kila nikitaja neno sombe hewani huwakumbuka wanawake wale. Lugha ya wenye bunduki ilienea nchi nzima, na leo ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo. Lakini chungu kilibaki mikononi mwa wenyewe, na jina la kilichomo ndani ya chungu likabaki la wenyewe.

Warundi na Wanyarwanda husema isombe. Usidhani ni neno lingine. Lugha zao huweka irabu mbele ya jina: soko kwao ni isoko, saa ni isaha, sabuni ni isabune. Kiswahili hakina irabu hiyo ya mbele, basi isombe na sombe ni kitu kimoja. Ukivuka kuingia Uganda, huko Kasese kwa Wakonzo, sombe utaikuta tena, inaliwa na ugali wa muhogo, jani na mzizi kwenye sahani moja. Hivyo sombe ina nchi yake, na nchi hiyo haifuati mpaka wa serikali yoyote: inafuata milima na maziwa, kutoka Rwenzori kushuka hadi ziwa Tanganyika, na mbele yake hadi Lubumbashi.

Magharibi zaidi, Kinshasa, neno ni pondu, na wengine husema saka-saka. Ukishuka Angola unakuta kizaka. Mimi huko sijafika, nimefika kwa mdomo tu, kupitia sahani za Wakongo niliokula nao.

Njia ya kusini ndiyo inayonivutia zaidi. Wabemba wa Zambia huita majani haya katapa. Msumbiji ni matapa, yanapikwa kwa karanga na nazi, na pwani huongezwa kamba au kaa. Vuka bahari uende Ngazija, Wakomoro wanakukaribisha mataba. Katapa, matapa, mataba: hata mtoto atasikia kwamba ni shina moja limebadilishwa kofia tu. Limeenea kati ya nyanda za juu za katikati ya bara na visiwa vya Komoro, jambo ambalo kisamvu na sombe hazikuweza. Kisha songa mbele kidogo hadi Madagaska, ambako jina limetungwa na mtu aliyekuwa amesimama mbele ya kinu: ravitoto. Ravina ni jani, toto ni kilichotwangwa. Jina lao ni maelezo ya kazi.

Na kazi hiyo, msikilizaji, haina njia ya mkato. Nitakueleza jinsi bibi yangu alivyoifanya, maana wengi wetu siku hizi tunanunua kisamvu kimeshasagwa kwa mashine, kipo kwenye kifuko, tunamimina tu.

Bibi alichuma vilele peke yake, majani matatu au manne ya juu, yale yenye wekundu kidogo kwenye kikonyo. Jani pana lililokomaa aliliacha. Akikaa kwenye kibao, ungo mapajani, alikata vikonyo kimoja kimoja kwa ukucha wa kidole gumba. Halafu kinu. Alianza yeye, mimi nikapokezana naye, mchi wake unapanda wa kwangu unashuka, na ole wako upoteze mahadhi. Kitunguu saumu kiliingia katikati ya kutwanga. Harufu inayotoka wakati ule ni kali, mbichi, inapanda puani, ikachanganyika na ya kitunguu saumu mpaka macho yanawasha. Alipoona majani yametoa maji na kushikana kama tope la kijani, aliingiza vidole viwili, akasugua, akasema ama "bado" ama "haya". Neno "haya" lilichelewa sana.

Na alipobandika jikoni, hakufunika sufuria. Ilikuwa amri. Nikifunika kwa kusahau, alikuja mbio kufunua. Nilidhani ni mila tu, hadi nikasoma mambo ya muhogo nikiwa mtu mzima. Majani ya muhogo yana kitu kinachoitwa linamarini, ambacho chenyewe kimekaa kimya ndani ya jani. Ukiliponda jani, kinakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nacho, na mkutano huo unazaa sumu ya sianidi. Kwa hiyo kutwanga ndiko kunakoitoa sumu mafichoni. Nayo ni nyepesi mno: huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, chini ya joto la mchana wa Tanga. Ikipata nafasi inaondoka na mvuke. Ikifunikwa inarudi na matone ya mfuniko. Bibi hakusoma kemia hata siku moja, na hakuna aliyewahi kuugua kwa mboga yake. Watu wa Kongo hawafuniki, Wamalagasi hutwanga hadi mwisho, na wote walijifunza juu ya mmea uliotoka nchi za mbali, bila kitabu.

Baada ya maji kukauka ndipo bibi aliunga. Tui jepesi kwanza, likakaukia; tui zito mwisho, moto umepunguzwa, likoroge usiondoke. Kisamvu kilichoungwa nazi kina utamu uliotulia, hata asiyependa mboga za majani hukisogelea. Wengine huunga karanga. Wengine huweka kunde au nyanya chungu ndani.

Sasa rudi nami Ujiji. Mnazi haukuwa mti wa nchi ile. Mti wa kule ni mchikichi, na Kigoma ndiyo nyumbani kwa mawese katika Tanzania nzima. Mama yule alitwanga sombe pamoja na majani ya kitunguu, bilinganya na pilipili hoho, akachemsha muda mrefu kuliko bibi, akamimina mawese na dagaa wa ziwani, wale ambao Wakongo huwaita ndagala. Ladha ni nzito, ina uchachu kidogo, ina moshi. Kijiko cha kwanza nilishangaa, cha tatu nikanyamaza nikala. Kwa kusema "kisamvu ni cha nazi" mama alikuwa anataja mambo mawili kwa neno moja, jani na upishi wake. Mawese huwezi kuyatenga na sombe kama vile tui huwezi kulitenga na kisamvu. Ndiyo maana nasema alikuwa na haki: nilikuwa nimeliita pishi lake kwa jina la pishi langu.

Na kisamvu chenyewe kina historia ambayo jina linaificha. Ukienda sokoni Dar es Salaam utasikia muuzaji akiuliza: "Cha muhogo au cha mpira?" Kisamvu cha mpira hutoka kwenye mti mrefu, binamu wa muhogo, ambao watu hupanda uani kwa kivuli na mboga. Wazee wengi hukipenda kuliko cha muhogo kwa ulaini wake. Mti huu asili yake ni Ceará, Brazili, na Wajerumani waliupanda kwa wingi mkoa wa Tanga na kwingineko kwa ajili ya utomvu wake, ili wauze mpira Ulaya. Mpira wa mashamba ya Asia ukajaa sokoni, bei ikaporomoka mwaka 1913, na mashamba yale yakakosa kazi. Wakulima wa Kijerumani wakaona hasara, mama zetu wakaona mboga, wakaliongezea neno walilokuwa nalo tayari: kisamvu cha mpira.

Mti huo huo ulifanya kazi nyingine kubwa. Mwaka 1894 Mjerumani aitwaye Warburg aliandika juu ya ugonjwa wa muhogo uliokuwepo katika nchi hii, majani yanajikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Leo wakulima wetu huuita batobato. Kuanzia miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, watafiti Storey na Nichols waliuoanisha muhogo na mti wa mpira ili kupata mbegu inayostahimili batobato. Walifanikiwa. Mbegu zilizotokana na kazi ya Amani zikafika Nigeria, na kutoka huko watafiti wa Ibadan wakazalisha aina zilizosambaa sehemu nyingi za Afrika. Kutoka Muheza kwenda Amani ni safari ya kupanda mlima tu. Nilikua nikila majani ya ukoo huo bila kuambiwa na mwalimu yeyote kwamba yametoka jirani yakatembea bara zima.

Nimesema jani halisafiri, na jina lake halisafiri. Katapa na mataba zimeshanipinga kidogo, na kuna jani jingine linanipinga zaidi, nami sitalificha. Majani ya viazi vitamu sisi huku tunayaita matembele. Nenda Kinshasa, kilomita maelfu kutoka Kariakoo, mji ambao watu wake husema Kilingala: majani ya viazi vitamu ni matembele. Jina lile lile, halikubadilika hata silabi. Kisamvu kimeishia ziwani, matembele yamevuka msitu wote hadi mto mkubwa. Pengine ni kwa sababu tembele hupandwa kwa kipande cha shina, na mtu anaweza kubeba vipande vya shina vikakaa siku kadhaa bila kufa. Hilo ni wazo langu, nalitoa kama wazo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichague mada hii. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni, hapa hapa mjini, foleni ya mboga. Mbele yangu dada mmoja, kwa lafudhi mtu wa Bukavu au Uvira, akaomba sombe. Muuzaji akauliza mara mbili, kisha akamwambia: "Dada, sema Kiswahili." Waliokuwa karibu wakacheka. Yule dada akanyoosha kidole kwenye fungu, akalipa, akaondoka bila kusema neno. Iliniuma, msikilizaji. Yule dada alikuwa amesema Kiswahili. Amezaliwa nacho, amebembelezwa nacho, amejifunzia kupika kwa Kiswahili.

Tunasahau jinsi usanifu wa Kiswahili ulivyopatikana. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 ilihusu nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na Kiunguja kikafanywa msingi. Kongo haikuwa mezani, Burundi na Rwanda hazikuwa mezani, wote wakiwa chini ya Wabelgiji. Laiti meza ile ingewekwa Kasongo badala ya pwani, leo watoto wetu wangefundishwa sombe shuleni, na kisamvu kingeitwa neno la mahali. Sisemi tuache kisamvu; ni neno la bibi yangu, nitakufa nalo. Nasema mtu akiliita jani kwa jina alilolikuta kwa mama yake, ndani ya lugha hii hii, hakukosea. Mwaka 2022 Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mamilioni ya wenye sombe ni wenzetu sasa hata kwa karatasi. Sisi watangazaji tuanze: tukisoma mapishi hewani, tuseme kisamvu, tuseme na sombe, kila kimoja kwa mafuta yake. Waandishi wa vitabu vya shule waipe sombe nafasi yake bila kuiandikia pembeni kwamba ni ya watu fulani.

Yule mama wa Ujiji ametangulia mbele ya haki. Aliniachia mchi wake, nao ninautumia kutwanga vyote viwili.

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayesoma Brussels, alinipigia simu akiwa dukani mtaa wa Matonge, kwenye friji la vyakula vilivyogandishwa. Alikuwa na hamu ya kwao. "Shangazi," akasema, "kuna majani yametwangwa, yamegandishwa. Pakiti imeandikwa saka-saka, na pondu. Kisamvu sikioni popote. Ninunue?"

Nikamwambia nunua, mwanangu. Na ukishabandika jikoni, usifunike sufuria.